Kutoka Ryogoku hadi Osafune: wiki moja ya kusaka panga fupi za Kijapani

Jumanne, Tokyo

Tunaanza Jumanne kwa sababu Jumatatu makumbusho mengi ya Japani hufungwa. Kituo cha kwanza ni Ryogoku, mtaa wa wanamieleka wa sumo. Makumbusho ya Panga za Kijapani yalihamia hapa kutoka Yoyogi Januari 2018. Jengo ni la NBTHK, chama cha kuhifadhi panga kilichoanzishwa mwaka 1948, na ndicho kinachotoa hati ambazo soko zima huzitazama kabla ya kutaja bei. Ukumbi wenyewe si mkubwa. Saa mbili zinatosha kwa mtu asiyetaka kuharakishwa.

Kazi ya leo ni vipimo tu. Upanga hupimwa kwa shaku: shaku moja ni sentimita 30.3, nayo imegawanywa katika sun 10. Kipimo ni mstari mnyoofu kutoka kwenye ncha hadi kwenye pengo dogo la mgongoni, pale bapa linapokwisha na mkia unaoingia ndani ya mpini, yaani nakago, unapoanza. Chini ya shaku moja ni tanto. Kati ya shaku moja na mbili ni wakizashi. Ukivuka sentimita 60.6, hiyo ni katana, nayo haituhusu wiki hii. Mipaka hii ina mitego yake. Bapa la sentimita 31 lenye umbo la tanto kila upande, bila ukingo wa katikati, litaandikwa wakizashi kwenye karatasi, ingawa mhunzi aliyelifua alikuwa akitengeneza tanto ndefu. Wazoefu huliita sunnobi tanto.

Kwa nini fupi? Kwanza ni bei: wakizashi ya mhunzi fulani hupatikana kwa fedha kidogo kuliko katana yake, hata kama kazi ni ya kiwango kile kile. Pili ni wingi. Zama za Edo (1603–1868), samurai peke yao ndio walioruhusiwa kuvaa panga mbili kiunoni, lakini mfanyabiashara naye aliweza kubeba wakizashi, na wafanyabiashara wa Osaka walikuwa na uwezo wa kulipia chuma kizuri na sonara mzuri. Ndiyo maana vifaa vya kifahari hukutwa zaidi kwenye panga fupi.

Mchana tunahamia Ueno, Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, jengo la Honkan. Hapa zoezi ni la magoti. Inama hadi mwako wa taa utembee juu ya chuma, kisha usogeze kichwa polepole kufuata makali. Aliyesimama wima ataona bapa lililong'aa. Aliyeinama ataona hamon, ule ukanda mweupe uliozaliwa chuma chekundu kilipozamishwa majini, pamoja na chembe zinazometameta ndani yake.

Jumatano, Tokyo, madukani

Vua pete na saa. Omba ruhusa kabla ya kugusa chochote, na ukishapewa upanga, funga mdomo: tone la mate lisiloonekana huacha doa la kutu. Ala hushikwa mkono wa kushoto, makali yakitazama juu, kisha bapa hutolewa taratibu likiteleza kwa mgongo wake. Ukivuta makali yakiwa chini, unaichana ala kwa ndani, na vumbi la mbao litalikwaruza bapa kila linaporudi.

Kufungua mpini kuna utaratibu wake. Kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, mekugi, kina upande mwembamba na upande mnene. Kisukume kwa nyundo ndogo ya shaba kutoka upande mwembamba. Kikigoma, geuza, usiongeze nguvu. Kisha shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, bapa likiwa limesimama na kuegemea kidogo begani, upige kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia. Nakago italegea na kupanda. Tanto ina nakago fupi, kwa hiyo ipige kidogo sana, la sivyo bapa zima litaruka kutoka kwenye mpini. Ikishalegea, shika nakago yenyewe, toa mpini, kisha vua kwa mpangilio: pete bapa ya seppa, kikinga mkono yaani tsuba, seppa ya pili, na mwisho habaki, kile kikoa cha shaba kinachobana bapa kwenye mdomo wa ala. Mekugi irudishwe hapo hapo kwenye tundu la mpini. Hicho ndicho kitu cha kwanza kupotea.

Wanunuzi wengi wapya hukimbilia hamon. Sisi tunaanza na nakago, kwa kuwa hakuna anayeinoa wala kuing'arisha, na kila kilichoupata upanga kimebaki pale. Kutu ya karne tano ni nyeusi yenye ukahawia, laini, imeshikamana na chuma. Kutu iliyotengenezwa juzi ni nyekundu, ina mabaka, na hutoka kwenye kidole. Tazama herufi za saini kwa lenzi. Saini ya kweli imezeeka pamoja na uwanda unaoizunguka. Ya kughushi huonyesha tindo ikivunja kutu ya zamani, kingo za herufi zikiwa bado kali. Hesabu matundu ya mekugi: moja huashiria nakago ambayo haijaguswa, na mawili au matatu mara nyingi husema upanga ulikatwa chini ili kufupishwa. Wakizashi nyingi zilikuwa katana au mkuki wa naginata kabla ya kukatwa. Si dosari ya kukufanya uweke chini, ila bei lazima iseme hivyo.

Na nakago isisafishwe kamwe. Wapo wanaopewa upanga wa urithi, wanaona kutu, wanachukua msasa. Wakimaliza, ushahidi wa umri umekwenda na hakuna fundi wa kuurudisha.

Sasa bapa. Taa moja yenye mwanga mkali wa nukta, ukuta mweusi nyuma, chumba kiwe na giza kidogo. Kosa linalovunja mkataba ni hagire, ufa mwembamba kama unywele unaokata makali kwa pembe mraba. Pitisha jicho kwenye makali yote, pande zote mbili, ukilitikisa bapa kidogo ili ufa ushike mwanga. Hagire haiondolewi kwa kunoa, na upanga wenye ufa huo ungevunjika hapo hapo kwenye pigo. Nyufa zinazofuata urefu wa bapa ni jambo jingine. Hizo ni maungio ya chuma kilichokunjwa, na kwenye panga za zamani huvumilika.

Malengelenge, fukure, hutokea pale matabaka ya chuma hayakushikana vizuri wakati wa kufuliwa. Yakipasuka huacha shimo, na shimo mara nyingine huzibwa kwa kiraka cha chuma. Utakitambua kwa mishipa ya chuma inayokatika ghafla ukingoni mwake. Mabaka ya kijivu yasiyo na mishipa ni chuma cha ndani kimejitokeza baada ya kunolewa mara nyingi: upanga umechoka. Kinyume chake, ukikuta sentimita chache za kwanza juu ya habaki bado hazijatiwa makali, bapa hilo limenolewa mara chache sana tangu litoke kiwandani, na hapo inafaa ukae chini na uangalie upya kwa utulivu.

Kwenye ncha, hamon lazima iingie, izunguke na kurudi mgongoni. Ikipotelea ukingoni, ncha ilivunjika ikachongwa upya na sehemu iliyozimwa majini imekwisha. Dosari hiyo haina dawa. Jambo la mwisho ni moto. Nyumba zilizoungua ziliacha panga zilizopoteza ugumu, na zikazimwa upya. Dalili mojawapo ni kivuli cheupe kinachopanda kwa mshazari kutoka pengo la makali, pamoja na ngozi ya nakago iliyobambuka. Lakini usimhukumu kila mwenye kivuli, maana mhunzi Horikawa Kunihiro anajulikana kwa kivuli hicho hicho kwenye kazi zisizowahi kuungua. Zisomeni dalili zote mbili kwa pamoja.

Karatasi tunaziomba mwisho. NBTHK ina ngazi nne, kuanzia ya chini: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Hozon na Tokubetsu Hozon ni za tangu 1982. Hati za Kicho zilizozitangulia zina sifa mchanganyiko, na mnunuzi makini huhesabu upanga wenye hati hizo kama usio na hati. Upanga wenye saini ya kughushi haupewi Hozon. Ndiyo maana utakutana na nakago iliyofutwa saini kwa tupa: mtu alikataliwa, akafuta, akapeleka tena kama upanga usio na saini.

Alhamisi, Seki

Shinkansen, treni ya kasi, hadi Nagoya ni kama saa moja na dakika arobaini, kisha tunaelekea Gifu na hatimaye Seki. Mji huu wa jimbo la zamani la Mino bado unaishi kwa visu na mikasi. Makumbusho ya wahunzi yanaonyesha hatua za kazi kwa mpangilio unaoeleweka hata bila kusoma Kijapani.

Kwa mkusanyaji, Mino ya karne ya 16 ni mlango mzuri. Majina huanza na "Kane": Kanefusa, Kanesada, Kanemoto. Hamon ya Kanemoto yenye vilele vitatu vitatu inaitwa mierezi mitatu. Vizazi vya mwanzo vilele hivyo havilingani. Vya baadaye vimepangwa kwa usawa unaochosha. Basi ukiona vilele vinavyofanana mno, shusha bei na usogeze karne mbele.

Ijumaa, Kyoto

Siku ndefu kuliko zote, na ni ya vifaa.

Ukoo wa Goto ulianza na Yujo (1440–1512) na ukaendelea kwa vizazi 17 ukiwatengenezea watawala vifaa vya panga. Kazi yao kuu ni seti ya vitu vitatu: menuki, yaani jozi ya mapambo yanayokaa chini ya uzi wa mpini, kozuka, mpini wa kisu kidogo kinachochomekwa ubavuni mwa ala, na kogai, kijiti cha chuma cha kuwekea nywele sawa. Kozuka huwa na urefu wa karibu sentimita 9.7 na upana wa 1.4. Kogai hukaribia sentimita 21. Kikiwa kifupi au kipana mno, uliza sababu. Kozuka iliyotengenezwa kwa kukata kogai ya zamani si jambo geni.

Shakudo ni shaba yenye dhahabu ya asilimia 3 hadi 5 hivi, ambayo ikichemshwa kwenye maji yenye chumvi za shaba huvaa weusi wenye ubuluu. Shibuichi ni shaba na fedha, kwa kawaida robo ya fedha, na rangi yake ni ya kijivu. Rangi hizo ni ngozi nyembamba sana. Dawa ya kung'arishia shaba, ile ya kwenye kopo la jikoni, huiondoa kwa dakika moja, na kitakachobaki ni rangi ya sarafu mpya. Tumia kitambaa laini cha pamba tu.

Menuki igeuze kwanza. Ya kweli ni bamba jembamba lililosukumwa kutoka nyuma, kwa hiyo mgongo wake una shimo linalofuata umbo la mbele, na alama za zana zinaonekana. Ya kusubu ni nzito, mgongo wake umejaa au una chembechembe. Fuchi, ile pete ya mpini karibu na tsuba, huwekwa saini kwenye bamba lake la juu. Kifuniko cha mwisho wa mpini, kashira, mara nyingi hakina saini, na hapo ndipo wauzaji huoanisha vitu visivyo ndugu. Linganisha nanako, vile vidoti vya uwanja: ukubwa wake, safu zake, na rangi ya shakudo chini ya mwanga wa dirishani. Taa ya duka huficha tofauti.

Tsuba inahitaji muda. Ya wakizashi huwa na kipenyo cha sentimita 6 hadi 7 hivi, ya tanto ni ndogo zaidi. Katikati kuna tundu la nakago, kando yake tundu la nusu mwezi la kozuka na jingine lenye umbo la mawimbi matatu la kogai. Kwenye tundu la katikati tafuta vipande vya shaba nyekundu vilivyobanwa juu na chini, na alama za tindo zilizopigwa ili kulibana. Hizo zinasema tsuba ilivalishwa bapa moja, kisha jingine. Kukosekana kwake peke yake hakuthibitishi uongo, kwani zama za mwisho za Edo nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kutazamwa tu.

Tsuba za chuma za kusubu ndizo zinazowaangusha wageni sokoni. Ingiza lenzi ndani ya nakshi zilizotobolewa. Chuma kilichofuliwa na kukatwa kwa msumeno na tupa kina kuta zenye mikwaruzo ya tupa. Kilichotoka kwenye kalibu kina kuta zilizolala kidogo, mshono katikati ya unene, na vishimo vya hewa. Kazi zenye njumu ya dhahabu zipimwe kwa ukucha: njumu ya kweli imezama ndani ya mfereji, ya rangi imekaa juu. Kutu nyekundu kwenye tsuba ya kweli huondolewa kwa kipande cha mfupa au pembe ya kulungu, ukisugua polepole kwa siku nyingi. Ukitumia tindikali utapata chuma cha kijivu kisicho na uhai wala bei.

Alasiri tunapanda Sannenzaka, kwenye makumbusho madogo ya Kiyomizu Sannenzaka, yenye kazi za chuma na njumu za mwisho wa Edo na zama za Meiji (1868–1912). Marufuku ya kubeba panga ya 1876 iliwaondolea mafundi hawa wateja. Kano Natsuo (1828–1898), bingwa wao wa mwisho, alichonga miundo ya sarafu za serikali mpya. Anayefika Kyoto tarehe 21 apite hekalu la Toji, na tarehe 25 Kitano Tenmangu: masoko ya vitu vya kale ya kila mwezi. Tsuba, menuki na fuchi zisizo na bapa hazihitaji hati ya usajili, kwa hiyo huuzwa chini ya turubai kama vikombe.

Jumamosi, Osaka

Siku fupi. Osaka ilitoa mhunzi Sukehiro na hamon yake ya mawimbi makubwa, na saini yake ilighushiwa tangu enzi zake. Saini ya Sukehiro bila hati isikuzuie kula chakula cha mchana.

Tunachotazama hapa ni vazi zima, koshirae. Mpini umefunikwa ngozi ya samaki taa, kisha uzi wa hariri. Uzi ukilegea, mpini nao umelegea. Upanga uliohifadhiwa vizuri huwa na ala mbili: ya urembo, na shirasaya, ala nyeupe ya mti wa honoki iliyogandishwa kwa uji wa wali ili iweze kupasuliwa na kusafishwa. Vazi hubaki limeshikwa na bapa la mbao. Wauzaji wengine hulivunja vazi, wakauza tsuba huku na menuki kule, kwa kuwa vipande hulipa zaidi. Vazi la zama zake lililokaa pamoja miaka 200 lisivunjwe, hata kama tsuba yake ni ya kawaida.

Tanto zenye ala ya pembe au mfupa uliochongwa watu na majoka ziachwe. Nyingi zilitengenezwa kwa watalii zama za Meiji na bapa lake halina thamani. Zikiwa za pembe za ndovu, CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, utakukwamisha forodhani.

Jumapili, Osafune

Dakika kama 45 kwa shinkansen hadi Okayama, kisha treni ya njia ya Ako hadi stesheni ya Osafune. Tumeipangia Jumapili ya pili ya mwezi, siku ambayo kwa desturi karakana ya makumbusho huonyesha ufuaji. Makumbusho haya ni ya mji wa Setouchi, ambao mwaka 2020 ulinunua upanga mrefu wa Yamatorige, hazina ya taifa, kwa yeni milioni 500 zilizochangwa na umma.

Hamon ya Bizen, jimbo la zamani ambamo Osafune imo, ya karne ya 13 inaitwa choji, karafuu. Msomaji wa Pemba au Unguja hahitaji mchoro: vichwa vya vikonyo vimesimama kwa safu juu ya makali.

Kwa mfuko wa kawaida, jina la hapa ni Sukesada. Walikuwa wengi, na karne ya 16 ya vita iliwafanya wafue kwa mamia. Saini fupi ya "Bishu Osafune Sukesada" kwa kawaida ni ya bidhaa za haraka. Saini ndefu yenye jina la mhunzi binafsi, mfano Yosozaemon no Jo, ni ya kazi ya kuagizwa, na tofauti ya bei ni kubwa. Ile ya haraka isidharauliwe. Wakizashi ya Sukesada yenye nakago isiyokatwa, ncha nzima na Hozon ni ununuzi wa kwanza ulio bora kuliko jina kubwa lenye mashaka. Mafuriko ya mto Yoshii mwishoni mwa karne hiyo yaliisomba Osafune, na uzalishaji wa wingi ukaishia hapo.

Jumatatu, karatasi na sanduku

Kila upanga halali nchini Japani una hati ya usajili, torokusho, inayotolewa na bodi ya elimu ya mkoa: namba, aina, urefu, mpindo, idadi ya matundu na saini. Soma hati na upime mwenyewe. Tofauti ya milimita kadhaa au tundu moja husimamisha kila kitu. Hati hiyo haisemi kwamba saini ni ya kweli. Inanakili tu kilichoandikwa. Muuzaji anayeipunga kama ithibati anakudharau. Upanga ukibadili mikono ndani ya nchi, mmiliki mpya hutoa taarifa ndani ya siku 20.

Ukitoka nje ya nchi, torokusho hurudishwa na badala yake Wakala wa Utamaduni, uliohamia Kyoto mwaka 2023, hutoa cheti cha kuruhusu usafirishaji. Muuzaji ndiye huomba, na huchukua wiki kadhaa. Basi usipange kupanda ndege na upanga ulionunua Jumatano. Lipa, acha, utumiwe. Kabla ya kulipa, uliza polisi na forodha ya nchi unakoishi. Uingereza, kwa mfano, marufuku ya panga zilizopinda inahusu bapa la sentimita 50 na zaidi, na wakizashi nyingi ziko chini ya hapo.

Bapa lisafiri ndani ya shirasaya, mekugi ikiwa imekaa, mdomo wa ala umefungwa kwa karatasi ili lisiteleze, na vazi lifungwe peke yake. Mzigo ukifika, uache ndani ya sanduku lililofungwa hadi ulingane na joto la chumba, usije ukavuta umande. Kisha futa mafuta ya zamani kwa karatasi laini kutoka habaki kuelekea nchani, mgongo ukiwa umeshikwa kati ya vidole, na upake mapya yawe ukungu tu. Poda ya uchiko iguse bapa mara chache, maana ni jiwe la kunolea lililosagwa. Mahali pakavu, kila miezi mitatu hadi sita inatosha. Mombasa, Tanga au Muscat, kwenye hewa ya chumvi, kagua kila mwezi, na upanga usikae katika ala ya laka ya zamani: ndani yake kuna mafuta na uchafu wa miaka mia mbili, na kutu huanzia humo.